Mtoto Kapimwa, na Mama Je?

Msikilizaji, ingia kliniki ya watoto asubuhi ya siku ya chanjo. Mizani inaning'inia kwenye boriti, mtoto anavalishwa ile kaptula ya kupimia, analia mpaka anakauka sauti, nesi anasoma kilo na kuandika kwenye kadi. Mtoto wa wiki sita anachomwa sindano zake, mama anamfunga mgongoni, wanaondoka. Mara nyingi mno mama huyo anaondoka bila mtu kumpima presha.

Alipokuwa mjamzito alipimwa. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na mkojo ukionyesha protini, kliniki nzima inachangamka. Anapewa methildopa au nifedipini, anaambiwa arudi mapema. Ikipanda kufikia 160 kwa 110, hiyo ni dharura, analazwa. Kifafa cha mimba kikinyemelea, kuna sindano ya magnesiamu: utafiti uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya bei nafuu, na imeokoa wengi.

Kisha anajifungua, na sote tunashusha pumzi. Tumezoea kusikia kwamba tiba ya kifafa cha mimba ni kuzaa. Kuna ukweli ndani yake, maana chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Lakini kondo likishatoka, mishipa haitulii siku hiyo hiyo. Maji yaliyokuwa yamejaa mwilini yanarudi kwenye damu, na presha hupanda tena, hasa kati ya siku ya tatu na ya sita. Wakati huo wengi wameshatoka wodini. Wapo wanaopata degedege nyumbani, hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, na wengine hawakuwahi kuambiwa wana presha mimba nzima.

Nyumbani kuna arobaini. Mzazi yuko chumbani, ana mtori wake, ana uji wa pilipili manga, ana shangazi wa kumkanda kwa maji ya moto. Sina ugomvi na arobaini. Ni mapumziko ambayo wanawake wa nchi nyingine wanayatamani. Shida ni kwamba mzazi akisema kichwa kinamgonga, anajibiwa ni usingizi, mtoto kamkeshesha. Akisema anaona vimulimuli, ni damu imepungua. Akishika chembe cha moyo, ni gesi. Anapewa Panadol na kikombe cha chai. Na akianguka akatetemeka, kuna nyumba ambako mganga wa kienyeji huitwa kabla ya bodaboda.

Kwa hiyo mtu wa kwanza ninayetaka anisikie leo si daktari, ni wewe shangazi unayekanda. Wewe ndiye unayeuona mwili wa mzazi kila siku kuliko nesi yeyote. Uso na mikono ikivimba ghafla, kichwa kisiposikia dawa, macho yakiingia ukungu, akikosa pumzi, mpelekeni akapimwe saa hiyo hiyo, hata kama arobaini haijatimia. Akianza degedege mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Halafu kuna suala la dawa. Wazazi wengi huacha vidonge wakishafika nyumbani, wakiogopa vitaingia kwenye maziwa. Nifedipini inatumika kwa anayenyonyesha. Aendelee nayo mpaka daktari aseme basi. Kinachonitisha ni vidonge vya bibi vilivyoko kabatini. Kaptoprili ya bibi inamfaa bibi. Mjamzito akiimeza, inaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Presha ni jina moja, dawa zake si moja.

Sasa turudi kwenye siku ile ya chanjo. Mama huyu huyu, wiki ya sita, pengine anaomba na uzazi wa mpango. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha ya juu. Anayempa bila kumpima anabahatisha. Na hata presha ikishuka, aliyepata kifafa cha mimba anabaki na hatari kubwa zaidi ya presha ya kudumu na ya ugonjwa wa moyo miaka ya mbele. Akibeba mimba nyingine, aeleze mapema, maana aspirini ya dozi ndogo ikianzwa kabla ya wiki ya 20 humpunguzia uwezekano wa kukipata tena. Ataelezaje, kama hakuna aliyemwambia wala kumwandikia?

Ombi langu kwa waganga wafawidhi ni dogo, na halihitaji bajeti mpya. Mashine ya presha iliyopo chumba cha wajawazito isogezwe hadi kwenye mizani ya watoto siku ya chanjo. Mama apumzike kwenye benchi dakika tano, maana ametoka kwenye bodaboda na jua. Mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya dera. Namba iandikwe pale pale, kwenye kadi ile ile ya mtoto kama ya mama imepotea. Na wewe mama uliyeko kwenye foleni, wasipokupima, ulizia.