Chumbe na fedha za wageni

Mlinzi wa Chumbe hana bunduki. Kisiwa hiki kidogo, kusini mwa mji wa Zanzibar, kinalindwa na watu wa vijiji vya wavuvi vya jirani, waliofundishwa kazi. Mvuvi akisogeza ngalawa juu ya matumbawe yaliyofungwa, mlinzi humfuata wakazungumza. Kwangu mimi, mazungumzo hayo yamefanya kazi kubwa kuliko hata tangazo la serikali la 1994 lililoyafanya matumbawe hayo kuwa hifadhi.

Gharama zote za hifadhi hutoka kwa watalii, nao ni wachache kwa makusudi: mabanda ni saba tu. Paa la makuti hukinga mvua, maji yakateremka kwenye tangi chini ya sakafu. Choo hakitumii maji kabisa. Usiku kaa wa nazi hutoka mashimoni, wakubwa wa kutisha, na msituni wamo paa nunga, adimu hata Unguja kwenyewe.

Lakini corona ilipositisha safari za ndege mwaka 2020, mapato yalikauka, na doria haina likizo. Wanaopigia debe utalii kuwa mlinzi wa bahari watuambie: mgeni asipokuja, mshahara wa mlinzi analipa nani?