Steringi Hafi? Mashabiki wa Tamthilia za Marekani na Lugha ya Uhakiki katika Nyanda za Juu Kusini



Katika Kiswahili cha Tanzania liko neno ambalo karibu kila kijana analijua na ambalo mwalimu wa fasihi hulikwepa. Neno hilo ni steringi. Asili yake ni neno la Kiingereza lililokuwa likiandikwa mwanzoni mwa filamu, kabla tu ya majina ya waigizaji wakuu. Watazamaji walilichukua kuwa ni cheo cha yule mtu mmoja ambaye hadithi yote inamzunguka, nalo likaingia katika ngeli ya watu bila kipingamizi: steringi amefika, masteringi wawili, steringi wa kike. Pamoja na neno ikaja kanuni, nayo ni kwamba steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini picha itakwisha akiwa hai. Aliyeketi benchi la nyuma katika banda la video na akaanza kulia mapema alichekwa kwa kutoijua kanuni hiyo.

Mhadhara huu unahusu yaliyoipata kanuni hiyo katika mikoa ya Mbeya na Iringa, pale tamthilia ndefu za runinga kutoka Marekani zilipoanza kutazamwa huko katika muongo wa 2000. Dai lake ni kwamba mashabiki waliobishana juu ya wahusika na visa vya tamthilia hizo walikuwa wakifanya uhakiki wa fasihi kwa Kiswahili, na kwamba mara nyingi uhakiki huo ulikuwa makini kuliko ule unaoandikwa katika karatasi za mitihani.

Kwanza yafaa kueleza namna tamthilia hizo zilivyofika. Runinga ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, na kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha mijini. Kilichoeneza tamthilia za Marekani katika Nyanda za Juu Kusini kilikuwa sahani ya DVD. Sahani hizo zilipanda na mabasi kutoka Dar es Salaam, zikavuka Mikumi na mlima Kitonga, zikashushwa Iringa, Makambako, na Mwanjelwa mjini Mbeya, na nyingine zikaendelea hadi Tunduma mpakani. Msimu mzima uliwekwa katika sahani moja au mbili, na neno la Kiingereza la msimu likageuka kuwa jina la aina yenyewe ya sanaa: sizoni. Mtu alikodi sizoni kama alivyokuwa akikodi mkanda. Neno tamthilia, ambalo wasomi walilizoea kwa maana ya mchezo wa kuigiza ulioandikwa vitabuni, nalo likahamia kwenye runinga. Leo ukimwuliza kijana wa Mafiati kama anapenda tamthilia, hatamfikiria Ebrahim Hussein.

Basi lenyewe lilikuwa ukumbi. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mabasi mengi yalifunga runinga juu ya kichwa cha dereva. Abiria aliyeshuka Ipogolo aliiacha hadithi katikati, na hakuwa na njia ya kuujua mwisho ila kuusimuliwa. Ndivyo ilivyokuwa pia katika shule za bweni ambazo mikoa hii inasifika nazo, kama Malangali, Tosamaganga, Iyunga na Loleza. Mwanafunzi aliyerudi kutoka likizo akiwa ametazama sizoni nzima alirudi na mali. Alisimulia baada ya taa kuzimwa, kipindi kwa kipindi, akiigiza sauti za milango na risasi, na akikatisha mahali palepale ambapo mtunzi wa Marekani alikatisha. Jambo hili linamhusu mtafiti wa fasihi simulizi moja kwa moja. Hadithi iliyotungwa kwa Kiingereza na kwa picha ilipokewa na wengi kwa Kiswahili na kwa masikio tu, na msimulizi ndiye aliyeamua nini kiachwe na nini kielezwe. Mjini Dar es Salaam kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa ufundi wenye majina. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu kwa kuzifasiri na kuzifafanua filamu za kigeni kwa sauti yake. Msimulizi wa bwenini hakuwa na kipaza sauti, ila kazi ilikuwa ileile.

Tamthilia iliyozua ubishi mkubwa kuliko nyingine ni Prison Break, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti 2005. Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Lincoln Burrows amehukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mdogo wake, Michael Scofield, ni mhandisi wa majengo. Anachorwa ramani ya gereza mwilini mwake, iliyofichwa ndani ya michoro mingine, kisha anafanya uhalifu wa makusudi ili afungwe humo na amtoroshe kaka yake. Msimu wa kwanza una vipindi 22.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa dhamira ya hadithi hii ataandika: mapenzi ya ndugu. Atapata alama zake, na mjadala utakuwa umekwisha. Mashabiki hawakuishia hapo, kwa sababu katikati ya msimu huo kuna jambo linalobadili hesabu yote. Inafichuliwa kwamba Lincoln, kaka mkubwa, alikopa dola 90,000 kwa watu wabaya ili mdogo wake apate kusoma, akamdanganya kwamba fedha hizo ni bima ya maisha ya mama yao. Deni hilo ndilo lililomwingiza katika mtego wa mauaji. Kwa mtazamaji wa Mufindi au Rungwe, habari hii haikuhitaji ufafanuzi. Nyumba ni nyingi katika mikoa hiyo ambamo mtoto wa kwanza aliacha shule akaenda kuchuma chai, kupasua mbao au kuuza viazi ili wadogo zake walipiwe karo. Ndiyo maana ubishi ulihusu wajibu: je, Michael anampenda kaka yake, au analipa? Je, aliyesomeshwa kwa fedha ambayo hakuijua asili yake anadaiwa? Kaka aliyeficha chanzo cha fedha, alificha kwa wema au kwa kiburi? Wako waliomhukumu Lincoln vikali, kwamba kaka mtu mwenye busara hamwachii mdogo wake deni asilolijua. Huu ni uchambuzi wa sababu na matokeo katika msuko, na unafanywa na watu ambao hawajawahi kulihitaji neno msuko.

Inafaa hapa kulitazama kwa makini gao la fani na maudhui linalotawala ufundishaji wa fasihi nchini. Kwa gao hilo, wahusika huwekwa upande wa fani, pamoja na mandhari na mtindo. Dhamira, migogoro na ujumbe huwekwa upande wa maudhui. Mwanafunzi hujifunza kwamba mhusika ni bapa au ni duara, akaorodhesha sifa zake, akaendelea na kipengele kinachofuata. Gao hilo lina manufaa yake, hasa kwa mtahini mwenye marundo ya karatasi za kusahihisha. Ila halina nafasi ya swali ambalo shabiki huanza nalo: kwa nini amefanya hivyo?

Upungufu huo haukuwa wa darasani tu. Msamiati wa banda la video nao ulielemewa. Mkabala wa steringi ni adui, na katika filamu za ngumi na bunduki maneno hayo mawili yalitosha. Katika Prison Break hayakutosha. Alexander Mahone anaingia katika msimu wa pili akiwa askari wa upelelezi anayewawinda na kuwaua watoro. Baadaye anafungwa pamoja na Michael huko Panama, na mwishowe anakuwa mshirika wake. Bellick, mkuu wa askari magereza aliyewatesa wafungwa, anakufa kwa ajili ya wale aliowatesa. T-Bag ni muuaji asiye na staha, na bado watu walisubiri kumwona. Kumwita kila mmoja wao adui kulikuwa ni kusema uongo, na mashabiki walilitambua hilo haraka.

Walichofanya ni kurudi katika Kiswahili chenyewe. Mahone akaitwa kigeugeu. Wengine wakakataa, wakisema kigeugeu hugeuka bila sababu, naye alikuwa na sababu, kwani alishikiliwa kwa siri yake na watu wenye nguvu. Basi huyo ni kibaraka. Anayewatumikia wawili kwa wakati mmoja ni ndumilakuwili. Aliyeaminiwa akauza ni msaliti, na mashabiki waliokuwa wameitazama 24 walikuwa na mfano tayari: Nina Myers, mfanyakazi mwenzake Jack Bauer, ambaye mwishoni mwa msimu wa kwanza anamwua mke wa Bauer. Tofauti kati ya kigeugeu, kibaraka, ndumilakuwili na msaliti ni kubwa, na kila neno linabeba hukumu yake juu ya nia ya mtu. Neno mhusika duara linawafunika wote wanne kwa blanketi moja.

Yapo malalamiko ya siku nyingi kwamba tamthilia hizi ni sehemu ya utandawazi unaowapotosha vijana na kuua utamaduni. Hofu hiyo haifai kudharauliwa; kijana anayejua kila kona ya gereza la Fox River na asijue alikozaliwa bibi yake amepoteza kitu. Lakini walalamikaji hutazama kioo tu, wala hawasikilizi kinachosemwa mbele ya kioo. Ajabu ni kwamba lugha ya maneno hayo yote ilikuwa Kiswahili, katika nchi ambayo sekondari yake hufundishwa kwa Kiingereza.

Turudi kwenye kanuni. Mwaka 2009 Prison Break ilifika ukingoni, na Michael Scofield akafa. Sehemu ya mwisho ya msimu wa nne ilionyesha kaburi lake, na nyongeza iliyoitwa The Final Break ikaeleza namna alivyokufa: mkewe Sara alikuwa gerezani, mlango haukufunguka ila kwa kuikatiza nguvu ya umeme, naye akakubali umeme huo upite mwilini mwake. Steringi alikuwa amekufa, tena kwa kupenda.

Kwa mashabiki wengi hilo lilikuwa kosa la mtunzi. Baadhi waliitetea kanuni kwa ujanja: ikiwa steringi hafi, na Michael amekufa, basi Michael hakuwa steringi, steringi alikuwa Lincoln tangu mwanzo, maana ndiye aliyepaswa kuokolewa na akaokoka. Hoja hii si ya kuchekwa. Inauliza hadithi ni ya nani, ya mwokoaji au ya mwokolewa, na wahakiki waliosoma wameliuliza swali hilo kwa maneno marefu zaidi. Wengine walisema Michael alikwisha kuwa na ugonjwa wa kichwa unaomwua, hivyo alichagua namna ya kufa tu.

Wala kanuni yenyewe haikuwa na mizizi katika nchi hizi. Fasihi andishi ya Kiswahili imewaua wahusika wake wakuu bila huruma: Rosa wa Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971), na Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Na Iringa ina kisa kikubwa kuliko hivyo. Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijipiga risasi mwezi Julai 1898 kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliiagiza Ujerumani ikirudishe. Mwaka 1953 Gavana Twining alilichagua fuvu katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kupima vipimo na kwa kutazama tundu la risasi, na mwaka 1954 likarudishwa Kalenga, ambako liko hadi leo. Wako waliotilia shaka kama ndilo lenyewe. M. M. Mulokozi aliandika tamthiliya juu ya mtawala huyo, Mukwava wa Uhehe (1979), na mtu aliyekulia Kalenga hahitaji kuelezwa kwamba shujaa anaweza kufa na hadithi ikabaki yake.

Kwa hiyo katika Iringa kanuni mbili zilikaa katika kichwa kimoja: moja ya babu, nyingine ya banda la video. Katika msimu wa tatu wa Prison Break maadui wanamwonyesha Lincoln kichwa cha mwanamke ndani ya sanduku, wakidai ni cha Sara. Katika msimu wa nne Sara anaonekana akiwa hai. Mtazamaji wa New York aliona hila ya watunzi. Mtazamaji wa Iringa alitoka katika mji ambao swali la kichwa ni cha nani lilikuwa limeulizwa kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 2017 tamthilia ilirudi kwa vipindi tisa. Lincoln anafukua kaburi la mdogo wake na kukuta halina maiti. Michael yu hai, amefungwa nchini Yemen. Waliokuwa wameitetea kanuni tangu 2009 walishangilia ushindi: steringi hafi. Wale waliokuwa wamekwisha kumlilia, wakakubali kwamba amekufa kwa ajili ya mkewe na mtoto, walihisi wametapeliwa, na hoja yao ilikuwa na uzito. Kama hakufa, alitoa nini? Swali hilo lingetosha kwa karatasi nzima ya mtihani wa kidato cha nne, kama pangekuwa na mtahini wa kulitunga na mwongozo wa kulisahihisha.