Kutafuta shoti kwenye bodi ya laptop



Leo tunaongelea mashini ambayo haiwaki hata kidogo. Unachomeka chaja, taa ya chaja inazimika palepale. Wengi wanasema: bodi imekufa, tupa. Sisi tunasema: ngoja kwanza. Kwa wengi wetu, ndani ya mashini kama hiyo ndimo tumeweka vyeti vya watoto waliozaliwa kambini Nyarugusu na picha za wazee tuliowazika kule. Kwa hiyo, kama diski inatoka, itoe na uiweke pembeni. Kisha ndipo tushike bodi.

Shoti ni umeme kupata njia ya kwenda ardhi bila kufanya kazi yoyote. Mara nyingi mwenye kosa ni kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele, imepasuka ndani kwa sababu mashini ilianguka ao iliingia maji.

Toa chaja, toa batri. Weka multimita kwenye om. Sindano nyeusi ikae kwenye ardhi ya bodi, kwa mfano tundu la skurubu. Nyekundu iguse njia kubwa ya volti 19, pale umeme unapoingia, halafu baada ya transista za mlangoni, kisha koili moja moja. Njia kubwa ikisoma maelfu ya om, hakuna shoti. Ikisoma 0 ao karibu yake, shoti iko hapo. Lakini muangalie sana: koili za prosesa zinaweza kusoma om chache tu, hata chini ya 1, na bado ni nzima.

Sasa, kapasita za njia moja zimeunganishwa bega kwa bega, na multimita itasoma 0 kwa zote. Ni kama nyumba ambamo wote wananyamaza kwa ajili ya mwizi mmoja. Ndiyo maana tunatafuta joto. Kwanza pima transista zinazolisha prosesa. Zikiwa zimepasuka, usitie umeme, utaua prosesa. Zikiwa nzima, tia volti 1 tu kwenye njia ile, ampea zikiwa na mpaka. Paka alkoholi safi juu ya kapasita. Pale inapokauka mbele ya pengine, ndipo penye shoti. Usiguse kwa kidole, na alkoholi ikae mbali na jiko na sigara.

Zima, toa hiyo kapasita, pima tena. Om zikipanda, umeipata. Rudisha nyingine ya kipimo kilekile na volti zilezile.

Tunaomba jambo moja: mwanamemba asilipe bodi mpya mbele ya kuona namba. Fundi aandike kwenye karatasi om ngapi kabla, om ngapi baada. Franka za mama anayeuza mihogo si za kubahatisha.