MJI NI WA NANI?
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Tetu)



Nimeombwa kusema juu ya haki ya mtu kukaa mjini. Babu zetu hawakuwa nayo. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni, na asiye na kazi alihesabiwa mgeni katika Nairobi aliyoijenga kwa mikono yake. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji ule. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa. Wengi walitiwa kambini, wengine wakarudishwa huku kwetu.

Leo kipande hakipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, yampa kila raia ruhusa ya kukaa popote katika Kenya, na kifungu cha 43 chataja haki ya nyumba ya kufaa. Lakini mwaka ule ule wapangaji wa landhi za Muthurwa, Nairobi, waliambiwa wahame, na nyumba zikaanza kubomolewa. Na mwenye ardhi alikuwa nani? Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, yaani akiba yetu ya uzeeni! Wapangaji walikwenda kortini, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimevunjwa.

Ndugu zangu, neno hili latuchoma sisi. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa kuondoa vibanda kando ya njia ya reli. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, jana ulikunywa chai hapa. Leo wanivunjia?" Sikuwa na jibu. Treni yahitaji njia salama, ni kweli. Lakini mama yule hakupewa hata siku moja ya kujitayarisha. Tangu 2016 sheria ya ardhi yataka ilani ya miezi mitatu kwa maandishi.

Mwaka 1989 Wangari Maathai, binti wa Ihithe katika Tetu hii, alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, mahali ambapo maskini walipumzika bila kulipa. Alitukanwa sana, lakini jumba halikujengwa.

Basi naomba chama kikubali mambo mawili. Tukitumwa kuvunja, kwanza tuulize ilani iko wapi. Na wajumbe wetu katika mifuko ya pensheni wasipitishe kuhamishwa kwa mtu kabla ya kuzungumza naye.