Tovuti ni yako, ufunguo anao nani?

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki iliyopita)

Hivi karibuni nilikuwa Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Nilifikia katika nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, inayoendeshwa na mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakunituma kumtangaza. Jioni, tukisubiri samaki aive, mama huyo alinipa simu yake akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, huenda mambo haya unayajua. Mimi nina tovuti, lakini tovuti yenyewe hainijui."

Nilipoifungua nilimwelewa. Ukurasa wa kwanza una picha kubwa ya jahazi la tanga na safu ya minazi. Hiyo ni pwani ya Bahari ya Hindi, wala si Nyasa, na mtu yeyote aliyezaliwa pale ataona hivyo hata akiwa amesinzia. Chini yake kuna Kiingereza kizito kinachomkaribisha mgeni peponi. Bei ya chumba haipo. Lipo onyo kwamba barabara ya kutoka Mbinga haipitiki wakati wa masika, ilhali kilometa 67 hizo zimekwisha kuwekwa lami na mimi nilizipita nimekaa kwenye basi, sikushuka kusukuma gari kama zamani. Mwisho kabisa kuna namba ya simu, na namba hiyo ni ya marehemu mumewe.

Mzee alifariki miaka minne iliyopita. Laini yake ilikaa bila kutumika, ikafungwa, kisha namba akapewa mteja mwingine, jambo ambalo kampuni za simu hulifanya kila siku. Kwa hiyo mgeni aliyeko Dar es Salaam au Ulaya, akitaka chumba Mbamba Bay, hupiga akapokewa na mwanamume asiye na chumba wala ufukwe, anayeishi mkoa mwingine kabisa.

Nilimwuliza mama kwa nini namba haikubadilishwa. Akanieleza kuwa tovuti ilitengenezwa na kijana mmoja aliyekuja na kompyuta yake ya mapajani, akalipwa shilingi laki tatu na nusu, akamaliza kazi kwa siku nne na kuondoka. Hakuacha hata karatasi. Jina la tovuti alilisajili kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake, na neno la siri akaondoka nalo kichwani. Sasa simu yake haipatikani. Mama analipa umeme, analipa kodi, analipa wafanyakazi watatu, lakini hawezi kuondoa hata nukta moja katika tangazo la biashara yake.

Ndugu wasikilizaji, nimelileta jambo hili kwenu kwa sababu tumeingia katika msimu ambao kila mwenye biashara ndogo anaambiwa, tengeneza tovuti, usiachwe nyuma. Fundi seremala anaambiwa, mwenye duka la vitenge anaambiwa, na mfuga kuku naye anaambiwa. Wanaowaambia hivyo mara nyingi ndio hao hao wanaolipwa kuitengeneza. Mimi si fundi wa kompyuta. Nimesomea uandishi wa habari, na katika kazi yetu swali la kwanza ni moja: habari hii anaambiwa nani, naye anataka kujua nini? Nadhani swali hilo linafaa hapa pia.

Tovuti ya kwanza duniani ilitolewa mwaka 1991 na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN huko Geneva, Uswisi. Haikuwa na picha ya kucheza wala muziki. Ilikuwa maandishi matupu yaliyoeleza kitu chenyewe ni nini na mtu akitumieje. Kwa mwenye biashara ndogo, sijaona mfano bora kuliko huo.

Tovuti ni ya kumjibu mtu asiyekujua, aliye mbali, ambaye huna nafasi ya kumwona usoni. Mteja wako wa kila siku haihitaji. Twendeni kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, jirani na machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka. Malori yanayobeba makaa yanapita hapo. Dereva wa lori hatafuti chakula kwenye kompyuta. Anatazama wenzake wameegesha wapi, naye anaegesha. Mama lishe wa Ruanda akiwa na laki tatu na nusu anunue sufuria kubwa na viti, tovuti aiache kwanza.

Lakini tuseme hapo hapo Ruanda yupo mtu anayekaanga na kufungasha kahawa ya Mbinga, na anataka kuiuza Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo. Huyo tovuti itamfaa, tena sana, ila kuna mtego unamsubiri katika jina la kijiji chake. Mtu akiandika kwenye Google "kahawa ya Ruanda", mtambo ule utadhani amekosea herufi na utamletea kahawa ya nchi jirani ya Rwanda, ambayo nayo ni nchi ya kahawa hasa! Mwenzetu atazikwa chini ya mamia ya kurasa za watu wengine. Dawa yake haina gharama. Kila anapoandika Ruanda, aandike kwa ukamilifu: Ruanda, Mbinga, mkoa wa Ruvuma, Tanzania. Tena aandike kwa maneno, si ndani ya picha, kwa maana mtambo husoma maandishi kwa uhakika zaidi kuliko herufi zilizochorwa.

Mama wa Mbamba Bay naye ana mtego wake, na nadhani kijana wa kompyuta hakuuwaza hata kidogo. Ziwa lile lina majina matatu. Sisi tunaliita Nyasa, majirani zetu wa Malawi wanaliita Ziwa Malawi, na Msumbiji wanaandika Niassa. Nje ya Afrika Mashariki, jina lililoenea ni la Malawi; Wajerumani husema Malawisee. Na wapo wageni wanaovuka bahari kwa ajili ya samaki wadogo wa rangi wakaao kwenye miamba, wanaojulikana duniani kwa jina la mbuna. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani pengine popote. Mgeni wa namna hiyo ataandika "Lake Malawi" na "mbuna", naye ataonyeshwa hoteli za ng'ambo ya ziwa, huku Mbamba Bay ikikaa kimya upande wa pili. Sisemi tuache jina letu. La hasha! Nasema sentensi moja tu ingetosha: Ziwa Nyasa, ambalo wageni hulijua pia kama Ziwa Malawi. Sentensi hiyo ingemletea mama wageni wengi kuliko ile pepo ya Kiingereza.

Maana neno "peponi" limo katika kila tangazo la kila ufukwe. Anayetaka kuja Mbamba Bay anauliza mambo ya kawaida kabisa. Nikitoka Songea nipande gari gani, na nifike saa ngapi? Chumba ni bei gani, na kina chandarua? Umeme ukikatika mnafanyaje? Mna chakula, au nije nacho? Naweza kulipa kwa simu? Mama anayajibu maswali hayo kila siku kwa mdomo. Nilimwomba ayajibu, nami nikayaandika kwenye daftari langu, yakajaa kurasa mbili. Hizo kurasa mbili ndizo tovuti yake. Mtaalamu wa nini tena? Kilichobaki ni kuzichapa.

Kuhusu bei tulibishana kidogo. Mama hakutaka iandikwe. "Jirani ataiona," akasema, "na mwenye pesa atalipa ndogo." Mazoea ya njoo tuelewane tumeyarithi sokoni, nami siyadharau. Lakini sokoni mteja amekwisha kufika, amesimama mbele ya fungu la nyanya, na kurudi nyumbani mikono mitupu ni aibu. Aliye mbali akikosa bei hapigi simu kuuliza, anafungua ukurasa mwingine. Tulikubaliana aandike bei ya kuanzia.

Vipo pia vile ambavyo ni yeye tu anavyo. Kaskazini mwa Mbamba Bay, pale Liuli, kuna mwamba uliowafanya Wajerumani wapaite mahali hapo Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Habari haikumfikia! Mgeni yupi asingependa kupelekwa kuona mahali hapo? Katika tovuti ya mama hakuna neno hata moja la Liuli. Kule Mbinga vilevile, mwuza kahawa anaweka picha ya kikombe aliyoiokota mtandaoni, wakati nyuma ya nyumba yake kuna ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayopanga mlima mzima kama mkeka na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Apige picha ile. Aeleze kahawa ilichumwa mwezi gani, shamba liko urefu gani kutoka usawa wa bahari, na kama ina alama ya TBS.

Picha zenyewe ziwe nyepesi. Simu za siku hizi hupiga picha yenye uzito wa megabaiti nne au zaidi. Ukiweka kumi umemtwisha mgeni megabaiti arobaini, naye anatumia bando la kupimiwa, huenda amesimama chini ya mwembe anatafuta mtandao. Zikipunguzwa hadi kilobaiti mia mbili kila moja, zote kumi zinakuwa megabaiti mbili, na macho hayaoni tofauti. Namba ya simu nayo ianze na +255, ile sifuri ya mwanzo iondolewe, kwa sababu aliye Muscat au Berlin akipiga 07 hafiki kwetu. Fomu ndefu za kumdai mgeni jina, umri na kazi achana nazo. Humchosha bure, na tangu tarehe 1 Mei 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo humtaka anayekusanya habari za watu azitunze ipasavyo.

Najua wapo watakaosema, sisi tuna Instagram na WhatsApp, zinatutosha. Kwa wengi ni kweli, wala sitawashawishi vinginevyo. Ila pale umepanga kibanda katika uwanja wa mtu. Siku akaunti ikidukuliwa au ikifungwa, wateja wako wote wamefungiwa humo humo.

Na hili la uwanja wa mtu ndilo linanirudisha kwa yule kijana, maana mama alidhani amejenga kwake, kumbe naye alikuwa mpangaji. Jina la tovuti, mathalani lile linaloishia na .co.tz, hukodiwa kwa mwaka, na kwenye daftari la msajili huandikwa mtu mmoja kuwa ndiye mwenye jina. Huyo mmoja awe wewe. Siku ya kusajili kaa karibu na fundi, uone kwa macho yako ni jina la nani linaloandikwa na ni barua pepe ya nani. Kama huna barua pepe, ifunguliwe kwanza. Kisha fundi akuandikie kwenye karatasi: kampuni gani imesajili jina, kampuni gani imehifadhi kurasa, maneno ya siri ni yapi, na ada inalipwa tarehe gani. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na leseni ya biashara na hati ya kiwanja. Fedha za mwisho usimpe fundi mpaka umebadilisha mwenyewe kitu kimoja mbele yake, hata kama ni namba ya simu tu. Akikwambia ni ngumu, hutaiweza, mwambie avute kiti akufundishe.

Mama ameandika kwa kampuni iliyosajili jina, akiambatisha leseni yake. Sijui watamjibu nini, kwani kwenye daftari lao mwenye mali ni kijana. Wakati huo huo amesajili jina jipya, kwa jina lake, na mpwa wake aliyemaliza kidato cha nne anazichapa zile kurasa mbili. Ile ya zamani bado ipo hewani na jahazi lake.

Asubuhi ya kuondoka nilimwomba ruhusa tuipigie ile namba ya marehemu. Ilipokelewa mara moja. Kabla sijamaliza salamu, yule bwana akasema, "Kama ni chumba Mbamba Bay, kaka, andika namba hii," akaanza kunitajia namba ya mama kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine. Mama akacheka, akaichukua simu. Kumbe wanafahamiana mwaka wa pili sasa. Alichoka kuwaambia watu wamekosea namba, akamwuliza mmoja wao anamtafuta nani, hadi akampata mama mwenyewe. Mama humpelekea dagaa kwa basi. Siku ile alikuwa na ujumbe: juzi usiku alipiga mzungu mmoja, hawakusikilizana hata neno, lakini yeye amemtumia namba kwa maandishi, na mama akae karibu na simu.