Jiji Linapohesabu Walio Mbali



Aprili 2020, korona ikiwa imefunga mipaka ya Ulaya, uongozi wa jiji la Amsterdam ulitangaza kwamba kuanzia hapo maendeleo ya jiji hayatapimwa kwa ukuaji wa pato peke yake. Kipimo ulichochagua kilibuniwa na mchumi Mwingereza, Kate Raworth. Alikichora mwaka 2012 alipokuwa katika shirika la Oxfam, akakieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2017. Raworth anaifahamu pwani yetu, kwani miaka ya 1990 alifanya kazi Zanzibar ya kuendeleza wafanyabiashara wadogo. Sishangai basi kwamba hesabu yake inaanzia kwenye chakula, maji na kipato cha mtu wa kawaida.

Mchoro wenyewe una maduara mawili, moja ndani ya jingine, ndiyo maana watu huuita donati. Duara la ndani ni mahitaji 12 ambayo hakuna anayestahili kuyakosa, yakiwemo afya, elimu, nyumba, nishati na sauti katika siasa. Duara la nje ni mipaka tisa ya dunia, iliyotokana na kazi ya wanasayansi waliokuwa na Johan Rockström mwaka 2009: tabianchi, bioanuwai, maji baridi, ardhi na mengineyo. Uchumi mwema ni ule unaowaweka watu wote kati ya maduara hayo mawili.

Jambo lililonivutia ni kwamba Amsterdam ilikubali kuanika aibu zake. Picha ya jiji iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kwamba karibu asilimia 20 ya wapangaji hawabakiwi na fedha za kutosha mahitaji ya msingi wakishalipa kodi ya nyumba. Katika maombi kama 60,000 ya nyumba za bei nafuu, yaliyofanikiwa yalikuwa asilimia 12 tu. Hewa ya ukaa ilikuwa juu ya kiwango cha mwaka 1990 kwa asilimia 31. Jiji tajiri, lenye mifereji inayovuta watalii wa dunia nzima, halijawatosheleza watu wake na tayari limevuka mipaka ya mazingira.

Hapo ndipo penye mtihani. Watu wanahitaji nyumba, na nyumba ni saruji, chuma na mchanga. Ukijenga kama zamani, unaziba pengo la ndani huku ukizidi kutoboa ukingo wa nje. Jibu la Amsterdam ni kutumia tena: jengo liwe na kumbukumbu ya vifaa vilivyomo ili siku likibomolewa visitupwe, mbao zichukue sehemu ya saruji, na matumizi ya malighafi mpya yapungue kwa nusu ifikapo 2030. Wakati wa korona jiji lilikusanya kompyuta za zamani, likazitengeneza, na 3,500 zikafika kwa wasiokuwa nazo. Ni hatua ndogo, ila inaonyesha kwamba kuhudumia watu na kupunguza taka vinaweza kuwa kazi moja.

Lakini asilimia 62 ya hewa ile ya ukaa ilitokana na bidhaa zinazotoka nje ya jiji: vifaa vya ujenzi, chakula, vitu vya dukani. Kwa sababu hiyo kipimo hiki kinauliza pia jinsi maisha ya jiji yanavyowagusa watu wa mbali. Bandari ya Amsterdam inapokea kakao nyingi kuliko bandari yoyote duniani, na sehemu kubwa inatoka Afrika Magharibi, ambako ajira ya watoto mashambani bado ipo na mkulima anaambulia kidogo. Jiji linalijua hilo na limeliandika. Bado halina mamlaka juu ya bei ya gunia moja la kakao.

Kwetu mfano uko karibu zaidi. Maua ya Naivasha husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, na mengi yamekuwa yakiuzwa katika mnada wa Aalsmeer, jirani kabisa na Amsterdam. Machi 2020, wiki chache kabla ya tangazo lile, soko hilo liliporomoka. Maua yakatupwa, na maelfu ya wafanyakazi Kenya wakarudishwa nyumbani. Mashamba yale yanategemea maji ya bonde la Ziwa Naivasha, ziwa la maji baridi wanalolitegemea pia wavuvi, wafugaji na viboko. Mshahara wa mchuma maua uko ndani ya duara la kwanza; kina cha ziwa kiko katika la pili.

Msimamo wangu ni huu: Amsterdam inastahili sifa kwa kukubali kupimwa, lakini kipimo kilichoshikwa na mnunuzi peke yake hakijakamilika. Atakayeeleza kama ujira wa Naivasha unatosha chakula, kodi na karo ni anayeupokea.

Kwa hiyo nawaomba, wanafunzi wa uchumi na wa mazingira mliomo ukumbini, chagueni mada zenu za utafiti huko Naivasha. Pimeni ujira na maji kwa pamoja, andikeni kwa Kiswahili ili mchuma maua asome, kisha pelekeni matokeo kwa serikali za kaunti na kwa jiji la Amsterdam lenyewe.