Mashudu Yetu na Mfuko wa Karatasi
Hotuba kwa wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Miaka kumi tumehesabu mbegu na mafuta. Leo twaomba tuyahesabu mashudu. Tukiisha kukamua soya, mashudu huuzwa kuwa chakula cha mifugo, nasi hudhani kazi imekwisha. Kumbe zaidi ya asilimia 40 ya mashudu hayo ni protini, na protini yaweza kuvikwa karatasi.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017. Lakini karatasi tupu hunywa mafuta na kulegea kwa maji. Kwa hiyo karatasi nyingi za vyakula hupakwa plastiki nyembamba isiyooza. Plastiki imetoka mlango wa mbele, ikaingia wa uani.

Dawa yake ni hii. Protini hutolewa katika mashudu kwa maji yenye alikali, kisha hugandishwa kwa asidi, kama maziwa yagandavyo kwa ndimu. Huyeyushwa tena, huchemshwa, hutiwa gliserini ili isipasuke ikaukapo, hupakwa juu ya karatasi na kuanikwa. Mahindi nayo yana protini iitwayo zeini, aliyoieleza John Gorham wa Boston mwaka 1821. Hiyo haiyeyuki katika maji matupu, ila katika spiriti iliyochanganywa na maji.

Utando huo huzuia vyema mafuta na hewa, lakini unyevu huupenya. Basi wafaa karanga za kukaanga na maandazi ya kuliwa siku ile, wala haufai samaki wabichi. Nta ya nyuki ikiongezwa hupunguza kasoro hiyo. Tena wako watu wanaodhuriwa na soya. Lazima mfuko uandikwe wazi.

Ndugu wanachama, hatusemi mashudu yote yageuzwe rangi ya karatasi, kuku na ng'ombe wetu wakose chakula. Twasema Kamati itenge magunia machache, ijaribu, na kuandika gharama ya kila mfuko, ndipo Mkutano Mkuu uamue kwa hesabu wala si kwa shauku. Mali bila daftari hupotea bila habari.